Jaketi okozi la msimu wa kusi: lipi ununue, lipi uliache dukani

Upepo wa kusi ukishika, Juni mpaka Septemba, tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa huja na maneno yale yale: upepo wa kilomita 40 kwa saa, mawimbi ya mita 2. Siku hiyo chombo kikae pwani. Lakini mvuvi wa Kojani aliyetoka alfajiri maji yametulia huweza kurudi adhuhuri bahari imechafuka, na hapo kinachomfaa ni alichokwisha kivaa.

Nguvu ya jaketi huandikwa kwa nyutoni, kwa alama ya N. 100N hunyanyua uzito wa kama kilo 10 ndani ya maji.

La kwanza kwetu ni la povu gumu, 150N, lenye kola nene nyuma ya shingo. Mara nyingi humgeuza chali hata aliyezirai, uso ukabaki juu. Ni nene, kuvutia nyavu ukiwa nalo ni taabu. Kwa abiria wa mashua haina neno.

La pili, la povu 100N lenye kola. Mvuvi anunue hili kama lile la kwanza atalivua na kulitupia chini ya tenga.

La tatu ni lile jembamba linalojijaza gesi. Linavutia, tena linavalika, ila lina mambo. Kidonge chake kinachofyatua gesi huyeyuka kikilowa, kwa hiyo mvua ya masika au rasharasha za kila siku zaweza kulifyatua bure. Mtungi wake wa gesi hushika kutu kwa chumvi. Wa 150N kwa kawaida hubeba gramu 33 za gesi: upime kwenye mizani, ulinganishe na uzito wa jumla, mtungi pamoja na gesi, uliochapwa juu yake. Ulizia mtungi na kidonge cha akiba kabla ya kulipa. Lile lisilojaa mpaka uvute kamba kwa mkono halimsaidii aliyezirai.

La mwisho ni 50N, kizibao cha waogeleaji. Halimgeuzi mtu. Kwa kuogelea karibu na ufukwe, sawa. Kwa kuvuka kutoka Nungwi kwenda Mkoani, liache.

Na dumu tupu la lita 20? Linaelea kuliko yote haya, lakini sharti ulishike, na mikono huchoka.

Dukani, livae, funga mikanda yote, inua mikono, mwenzio avute mabega ya jaketi juu. Likipita kidevu, ni kubwa. La mtoto liwe na kola na mkanda wa kupita katikati ya mapaja, tena la kilo zake za leo. Ukimnunulia la kukulia, atachomoka kwa chini. Chagua rangi ya chungwa au manjano yenye vipande vinavyong'aa kwa tochi, kwani la buluu halionekani kwenye wimbi. Firimbi iwepo. Vifungo vya plastiki hudumu kuliko zipu ya chuma.

La mtumba libonyeze: povu likibaki na shimo au likimumunyuka, limekwisha. Ukilitilia shaka la 100N, lifunge chuma cha kilo 11, ambacho majini hubaki na uzito wa kama kilo 10, ulitie majini. Likizama, usipande nalo chombo. Lililo zima lisuuze kwa maji baridi ya bomba, lianike kivulini, na usilifanye mto wa kukalia: povu lililobanwa halirudi.