Kadi ya TV na redio ya USB kwenye Linux: wiki sita za matumizi Mikindani

Kwa wiki sita sasa kompyuta yangu ya mpakato imekuwa king'amuzi, redio na kinasa vipindi katika nyumba yetu hapa Mikindani, na kazi yote hiyo inafanywa na kadi ya USB yenye ukubwa wa kidole gumba, ambayo niliagiza kutoka Kariakoo kwa shilingi 58,000 na kuongeza 5,000 za kuileta kwa basi. Naiandikia tathmini kwa sababu nilibakiza kidogo tu kuirudisha. Siku nne za mwanzo haikutoa chaneli hata moja, na karibu kila niliyemweleza alinijibu kwamba Linux, mfumo endeshi ninaoutumia badala ya Windows, ndiyo yenye kasoro. Leo naweza kusema kwa uhakika kwamba kadi ni nzima, kwamba Linux inaiendesha upande wa TV na upande wa redio pia, na kwamba kilichonichelewesha ni mambo mawili ambayo hayakuandikwa popote kwenye boksi lake.

Haja yangu ilikuwa kunasa taarifa ya habari. Mimi ni mwalimu, na jioni nyingi za msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, huwa namsaidia katibu wa chama chetu cha msingi kupanga hesabu za wakulima. Saa mbili usiku, habari za minada zinaposomwa, ama tunakuwa bado ghalani, ama umeme umekatika. Asubuhi yake kila mtu anataka kujua bei ya korosho ya MAMCU na ya TANECU, vyama vikuu vya ushirika vya huku kwetu, na kila mtu ana namba yake aliyoisikia kwa jirani. King'amuzi cha kawaida tunacho, lakini kinaweza kuonyesha tu, hakiwezi kuhifadhi. Kompyuta yenye betri inaweza yote mawili.

Anayetaka kununua kadi ya namna hii aangalie kwanza maandishi DVB-T2, kiwango cha kurushia matangazo ya TV ya kidijitali, kwenye boksi, si DVB-T peke yake. Nchi za SADC zilichagua DVB-T2 mwaka 2010, mwaka mmoja tu baada ya kiwango chenyewe kuchapishwa, na kadi inayojua DVB-T ya zamani pekee haitafungua matangazo ya kiwango hicho hata ikifungwa kwenye antena nzuri namna gani. Aziepuke zaidi kadi za analojia zinazopatikana ndani ya kompyuta za mezani za mtumba. Nimewahi kuwa nayo moja yenye chipu ya Bt878, ambayo Linux huitambua mara moja kwa draiva (programu inayouwezesha mfumo kuendesha kifaa) ya bttv, na kwa sababu hiyo mtu huamini kwamba amepata mali. Matangazo ya TV ya analojia yalianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kisha mikoa mingine ikafuata, kwa hiyo kadi kama hiyo leo inaonyesha chenga tupu kwenye skrini. Kama ina tundu la FM, sehemu hiyo tu ndiyo bado ina kazi.

Boksi langu lilikuwa na kadi, antena ndogo yenye sumaku, rimoti na diski ya programu za Windows. Diski na rimoti nimeviacha humo humo. Nilipoichomeka kadi kwenye kompyuta yenye Debian 12, mojawapo ya matoleo ya Linux, amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB, ilitoa namba 15f4:0131, na dmesg, inayoonyesha kumbukumbu za mfumo, ikataja draiva ya dvb_usb_rtl28xxu. Humo ndani mna chipu tatu zinazohusika: RTL2832P ya Realtek inayozungumza na USB, R828D ambayo ndiyo tyuna inayoshika masafa, na MN88473 ya Panasonic inayofumbua mawimbi ya DVB-T2. Ni vyema kusoma dmesg na kutoridhika na lsusb, kwa kuwa namba hiyo hiyo ya USB imetumika kwenye kadi zenye chipu ya Sony badala ya ile ya Panasonic, na maelekezo ya moja hayafai kwa nyingine kila mahali.

Mpaka hapo kila kitu kilionekana sawa. Saraka ya /dev/dvb ilijitokeza, mtumiaji wangu nilikuwa nimeshamwingiza kwenye kundi la video, na nilikuwa nimeweka kifurushi cha dvb-tools. Nilianza kutafuta chaneli kwa dvbv5-scan, nikapata sifuri. Nikarudia usiku, nikarudia asubuhi, sifuri. Kijana wa duka moja la kompyuta mjini Mtwara, ambaye ni fundi mzuri na nimemwamini kwa mambo mengi, aliniambia waziwazi: "Mwalimu, hizi kadi zinakubali Windows tu. Linux ni ya seva." Nikamwomba anipe siku mbili kabla hatujaibadilisha.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa fimwea, yaani ile programu ndogo ambayo draiva huipakia ndani ya chipu ili ianze kazi. MN88473 haihitaji fimwea kwa kutambuliwa; huihitaji pale inapoamshwa. Ndiyo maana ukichomeka kadi hupati onyo lolote, na ukisoma dmesg wakati huo utadhani mambo ni shwari. Inakupasa uisome tena baada ya kuanza kutafuta chaneli, ndipo utakuta mstari unaosema kwamba faili dvb-demod-mn88473-01.fw halikupatikana. Faili hilo ni dogo sana, la kilobaiti chache, na nililipata kwenye mkusanyiko wa fimwea za DVB wa mradi wa LibreELEC. Nililinakili kwenye /lib/firmware, nikachomoa kadi na kuichomeka upya, na onyo likatoweka.

Chaneli bado zilikuwa sifuri, na hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alijue kabla ya kutoa fedha. Kadi hii ina vipokezi viwili vinavyotumia tyuna moja. Kipokezi cha kwanza, ambacho Linux hukiita frontend0, ni kile cha RTL2832, nacho kinajua DVB-T pekee. Kipokezi cha pili, frontend1, ni kile cha Panasonic chenye uwezo wa DVB-T2. Programu nyingi, zisipoambiwa vinginevyo, hufungua cha kwanza. Kwa siku nne nzima nilikuwa nagonga mlango ambao nyuma yake hakuna mtu, na mlango wa pili uko pembeni yangu. Dawa yake ni kuongeza alama -f 1 kwenye amri ya dvbv5-scan na ya dvbv5-zap, ile ya kufungulia chaneli, basi.

Orodha ya masafa niliiandika mwenyewe. Kila chaneli ya UHF huku kwetu ina upana wa megahezi 8, na ili kupata masafa yake unazidisha namba ya chaneli kwa 8 kisha unaongeza 306, hivyo chaneli ya 21 ni megahezi 474 na chaneli ya 48 ni megahezi 690. Niliandika zote 28 katika faili moja, kila moja ikiwa na mistari mitatu: DELIVERY_SYSTEM ni DVBT2, FREQUENCY kwa hezi, na BANDWIDTH_HZ ni 8000000. Ilikuwa saa nne na nusu usiku, watoto wamelala, nikabonyeza kitufe na kuangalia masafa yakipita moja baada ya jingine. Kwenye mojawapo neno Lock likatokea, likakaa kama sekunde mbili, likapotea. Sikupata chaneli usiku ule, lakini nililala nikiwa na amani, kwa sababu tatizo la kompyuta lilikuwa limekwisha na lililobaki lilikuwa la antena.

Mikindani iko bondeni, maji ya ghuba mbele na kilima nyuma, na antena ya sumaku iliyokuja na kadi haifai kitu kwenye nyumba kama yetu. Sitaki kuipaka rangi: kwa mtu anayeishi Shangani au Ligula, mjini, huenda ikatosha ikiwekwa dirishani, lakini hapa ni pambo. Jumamosi tuliichukua antena ya nje ya king'amuzi, tukaifunga juu ya mwanzi wa mita sita, na mpwa wangu akawa anauzungusha polepole huku mimi nimekaa barazani na kompyuta mapajani, nikisoma vipimo vya C/N, yaani nguvu ya mawimbi ikilinganishwa na kelele, kwa dvbv5-zap yenye alama ya -m. "Mjomba, hapo vipi?" Hapo 9. "Na hapa?" Hapa 14. Alipougeuza uelekee juu kidogo ya mwembe wa jirani, C/N ikapanda hadi desibeli 23 na ikatulia. Nilirudia utafutaji wote, na ndani ya dakika chache TBC1 na ITV zilikuwa zinacheza kwenye VLC bila kukwama. Ukweli ni kwamba nafasi ya antena ilinipa zaidi ya yote niliyoyafanya kwenye teminali. Waya mfupi wa kurefusha USB nao ulisaidia kwa desibeli moja hivi, kwa kuiweka kadi mbali na joto na kelele za kompyuta.

Kwa matumizi ya kila siku nimeweka Tvheadend, programu inayofanya kompyuta kuwa kituo kidogo cha kugawa matangazo ndani ya nyumba. Unaifungua kwa kivinjari kwenye lango la 9981, na humo vipokezi vyote viwili huorodheshwa kwa majina yao, kwa hiyo ni rahisi kuzima cha Realtek na kuwasha cha Panasonic. Simu za nyumbani zinatazama kupitia wi-fi, lakini kwangu mimi kunasa ndiko kulikonivutia. Nimepanga saa mbili kasoro dakika tano hadi saa tatu kasoro robo, kila siku, na mafaili yanajihifadhi yenyewe. Saa moja ya TBC1 huchukua gigabaiti moja na ushei. Umeme ulipokatika mara mbili mwezi uliopita, kompyuta iliendelea kunasa kwa betri yake, na asubuhi katibu aliweka simu yake juu ya gunia pale ghalani, wazee wakasogea wakasikiliza habari za mnada jinsi zilivyosomwa, neno kwa neno.

Chaneli za kulipia hazifunguki, na hazitafunguka. Utaziona kwenye orodha zikiwa na alama ya kufungwa, kwa sababu kadi haina mahali pa kuweka kadi janja ya kampuni ya ving'amuzi. Anayenunua kwa ajili ya mpira wa ligi wa kulipia abaki na king'amuzi chake.

Upande wa redio umenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Mwaka 2012 ilibainika kwamba chipu za familia ya RTL2832 zinaweza kutoa mawimbi ghafi kwa kompyuta, nayo kompyuta ikayafumbua kwa programu, na kutokana na hilo ukazaliwa mradi wa rtl-sdr. Kwenye Debian unaweka kifurushi cha rtl-sdr na programu ya Gqrx, kisha bendi ya FM, kati ya megahezi 87.5 na 108, inaonekana kwenye skrini kama safu ya milima, kila kilele kikiwa ni stesheni. Unabofya kilele unasikia sauti. TBC Taifa inasikika safi, na jioni moja ya utulivu, bahari ikiwa kama kioo, nilikuta kilele chembamba ambacho mchana hakikuwapo, nikabofya, nikasikia mtangazaji akizungumza Kireno. Msumbiji iko ng'ambo tu ya Ruvuma, na bado nilikaa pale nusu saa nzima nikisikiliza lugha nisiyoielewa.

Jambo la kuangalia ni kwamba TV na redio haviendi pamoja. Tyuna ni moja, na kila upande unaidai peke yake. Zaidi ya hapo, baada ya kuweka rtl-sdr nilikuta siku iliyofuata TV imekufa kabisa, /dev/dvb haipo. Nilipochungulia /etc/modprobe.d niliona faili lililokuja na kifurushi hicho, linalozuia dvb_usb_rtl28xxu isijipakie yenyewe, ili redio iwe huru. Sasa nikitaka TV naipakia draiva kwa mkono kwa modprobe, nikitaka redio naiondoa kwa modprobe -r, na nimeandika vitufe viwili kwenye skrini ili hata mke wangu asihangaike na teminali.

Kwa mtu anayetumia Linux na asiyeogopa kusoma dmesg, naipendekeza kadi hii kwa moyo mweupe, na bei yake ni ya haki. Kwa mtu anayetaka kuchomeka na kutazama papo hapo, king'amuzi kitamfaa zaidi. Kadi hupata moto ikifanya kazi saa nyingi, ingawa haijawahi kuzima. Kilichonisumbua wiki ya tatu ni chumvi ya bahari: kiungo cha waya wa antena kilianza kufanya kutu, picha ikawa inakatika kila jioni, nikakisugua, nikakizungushia utepe wa raba kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Jana mvua ilinyesha kutwa nzima, na C/N haikushuka chini ya 21.