Kabla ya simu, chagua laini: mwongozo wa mnunuzi wa Kisumu na vitongoji vyake

Watu wengi huingia dukani pale Oginga Odinga Street wakiuliza kamera ina megapikseli ngapi. Mimi huuliza kwanza: simu hii italala wapi? Ikiwa italala Milimani, mtandao wowote utakufaa. Ikiwa italala Seme au Nyakach, kwenye nyumba ya mabati, omba laini ya jirani, uiweke kwenye simu yako ya sasa, kisha upige kutoka kitandani. Bati huzuia mawimbi. Mama yangu alizoea kupokea simu akiwa chini ya mwembe, mvua inyeshe au jua liwake, hadi tulipomwekea laini ya pili.

Ndiyo maana sharti langu la kwanza ni simu ya laini mbili. Safaricom ibaki kwa sababu ya M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007 na sasa hata muuza omena wa Dunga hulipwa kwayo. Laini ya pili iwe ya mtandao unaoshika vizuri kwako, au wenye bando za bei nafuu. Kenya inaruhusu kuhama mtandao ukiwa na namba yako ileile, lakini M-Pesa haikufuati huko uendako. Na kwa walio Busia: simu hunasa mtandao wa Uganda bila kukuuliza. Ingia kwenye mipangilio, chagua mtandao kwa mkono, uzime data ya ugenini.

Sasa simu zenyewe, kwa mpangilio wangu.

Namba moja ni simujanja mpya ya bei ya chini yenye 4G. Usishuke chini ya GB 3 za RAM na GB 32 za hifadhi. WhatsApp pekee, pamoja na video za mazishi na harusi zinazotumwa kwenye vikundi vya ukoo, itaijaza ile ya GB 16 kabla ya mwaka kuisha. Betri ya mAh 5000 ni muhimu kuliko kamera tatu, hasa ukiwa mahali ambapo stima hupotea mvua ikitishia tu.

Namba mbili ni kabambe, simu ndogo ya vitufe. Wengine huidharau, mimi naipenda. Hukaa na chaji siku tatu au nne, M-Pesa inafanya kazi bila intaneti, na tochi yake imemulika njia nyingi za kwenda chooni usiku. Kwa mzee asiyetaka vikundi vya WhatsApp, kabambe ndiyo namba moja, tena usimbishie.

Namba tatu ni simujanja iliyotumika, zile zinazoitwa ex-UK. Hapa nimewahi kuumia. Nilinunua moja katika duka la mjini, kioo kinang'aa, kumbe betri imechoka: ilizimika ikiwa na asilimia 40. Ukinunua, kaa nayo dukani nusu saa, ichajiwe, upige, upigiwe, ucheze video. Bonyeza *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, kisha uitume kwa SMS kwenda 1555, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano, uone kama jina la simu linalingana na ulichoshika mkononi. Mwaka 2012 simu bandia zilizimwa kote nchini, na wenyewe wakabaki na matofali.

Ya mwisho kwangu ni simu ya mkopo, ya kulipa kidogo kidogo kila siku. Inamsaidia mtu wa bodaboda asiye na pesa taslimu, sikatai. Ila zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku, ujumlishe amana, ndipo ulinganishe na bei ya dukani. Ukikosa kulipa, simu hufungwa, na kwa mtu anayepata wateja kwa simu, hiyo ni kufungiwa kazi.

Bando ndizo humaliza pesa kimyakimya. Zisizoisha muda naziweka juu kabisa kwa mtu anayetumia WhatsApp na M-Pesa tu, hata kama MB yake ina bei zaidi. Hununui tena kilekile ulichoacha jana. Za mwezi zinamfaa mwanafunzi wa Maseno au anayefanya kazi mtandaoni. Za siku ni nzuri kwa siku ya mechi, lakini soma masharti: nyingine huisha saa sita usiku, si saa 24 tangu ununue. Ukiinunua saa tatu usiku, umelipia saa tatu. Video ya saa moja yaweza kula MB 500 au zaidi, kwa hiyo zima ile tabia ya video kujicheza zenyewe.

Bando likiisha, data huweza kuendelea kula kredo, yaani muda wako wa maongezi, moja kwa moja kwa bei ya juu. Kwa Safaricom, ingia *544# uzuie hilo. Okoa Jahazi, mkopo wa kredo wa Safaricom, iache kwa dharura: hukatwa asilimia 10, na ukiizoea, kila kredo unayonunua inalipa deni la juzi.

Kabla ya kutoka dukani, bonyeza *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Jirani yangu alikuta tatu asizozijua.