Miksi ya 5.1: sebuleni kwangu au studio ya kulipia?

Filamu yangu fupi ilitakiwa iwe na sauti ya 5.1, yaani spika tano zinazomzunguka msikilizaji na sabufa moja ya besi, na mfuko haukuwa mnene. Kazi kubwa nimeifanya nyumbani, studio nimekodi kwa hatua ya mwisho tu. Filamu ijayo nitafanya vivyo hivyo.

Nyumbani natumia Reaper, programu ya kuhariri na kuchanganya sauti. Leseni yake ya bei ya chini ni dola 60 na inamudu chaneli nyingi. Spika nimezipanga kwa mwongozo wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano: moja katikati mbele yako, za kushoto na kulia nyuzi 30 kila upande, za nyuma kati ya nyuzi 100 na 120. Kwenye nyumba ya kupanga, hiyo ya nyuma kulia inaangukia mlangoni, basi kila anayeingia anairuka. Lakini kusafisha mazungumzo, kuondoa mvumo wa feni, kupanga nyayo na mvua ni kazi ya siku nyingi. Kuifanya huku unalipia kwa saa ni kuchoma hela.

Kinachokwamisha ni besi. Nikiwa kwenye kiti changu sabufa inasikika tamu, nikihamia kochi inanguruma, nikisogea hatua mbili inapotea. Godoro ukutani halitibu hilo: linanyonya sauti za juu, ila wimbi la Hz 50 lina urefu wa karibu mita saba na halitishiki na sponji. Isitoshe, chaneli ya LFE, ile ya besi nzito inayokwenda kwenye sabufa, hupigwa desibeli 10 juu ya zile nyingine, kwa hiyo sabufa ikiwa haijapimwa unabaki kukisia.

Studio niliyokodi, spika za chumba chake zimepimwa kwa kiwango cha desibeli 85 kama ukumbi wa sinema. Radi iliyokuwa ya kiasi sebuleni ilitikisa viti, tukaishusha. Mvua ya spika za nyuma ilikuwa inameza maneno ya mama mmoja. Fundi akaipunguza kidogo tu, mama akasikika.

Nisichokipenda: saa zilianza kuhesabiwa wakati kompyuta yao bado inafungua mafaili yangu. Ulizeni kabla. Na mpeleke mafaili ya sauti ya WAV ya 48 kHz, biti 24, mazungumzo, muziki na mazingira kila kimoja peke yake.

Kama video ni ya YouTube na watu wataitazama kwenye simu, pigeni stereo nyumbani, hela ya studio lipeni waigizaji.