Uzoefu wangu na Helloween: usiishie kwenye zile Keeper mbili

Ukimuuliza shabiki wa pawa metali, ule muziki mzito wa roki wenye kasi na sauti za juu, uanzie wapi kwa bendi ya Helloween, jibu ni lile lile: chukua albamu za Keeper of the Seven Keys, ya kwanza na ya pili, inatosha. Nami nilianza hivyo, na ni kweli albamu hizo ni nzuri kupindukia. Lakini baadaye nilikaa nikaisikiliza kazi ya bendi hii ya Hamburg yote kwa mfuatano wa miaka, na sasa nasema bila kusita kwamba anayeishia 1988 hajaijua Helloween.

Walls of Jericho ya 1985 bado mbichi. Kai Hansen anaimba huku anapiga gitaa, na kasi ya nyimbo zenyewe inamfanya apayuke ili asiachwe nyuma. Mimi napenda ule ukali wake, ila sishauri mgeni aanzie hapo. Wanaonunua CD wajue kwamba toleo lililozoeleka limeunganishwa na EP (sahani fupi ya nyimbo chache) yao ya kwanza ya mwaka huo huo, kwa hiyo ukipata moja umepata zote mbili.

Kisha akaja mwimbaji Michael Kiske, kijana wa miaka 18, na Hansen akabaki na gitaa lake. Bendi ilitaka kutoa albamu ya sahani mbili kwa mpigo, kampuni yao ya muziki, Noise, ikakataa, ndipo zikatoka mbalimbali, 1987 na 1988. Ya pili ndiyo inayonigusa zaidi. Chukua "Eagle Fly Free", utunzi wa mpiga gitaa Michael Weikath, uisikilize kwa hedifoni, kwa sababu spika ya simu itakunyima besi. Katikati ya wimbo waimbaji wananyamaza na kila mpigaji anaachiwa uwanja: magitaa yanapokezana, Markus Grosskopf anatoka na besi yake, Ingo Schwichtenberg anapata nafasi yake kwenye drams, halafu wote wanarudi pamoja na Kiske anakipandisha kiitikio juu kabisa bila kukaza koo. Nimeurudia mara nyingi kupita kiasi na bado unanisisimua.

Wimbo uliobeba jina la albamu unazidi dakika 13. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi hatashtuka, maana amezoea kusubiri mashairi yaishe ndipo chemko lije. Hapa chemko linakuja, linapoa, linarudi tena.

Hansen aliondoka baada ya hapo akaunda bendi ya Gamma Ray, na mapengo yanasikika. Chameleon ya 1993 ina tarumbeta, ina magitaa makavu, ina nyimbo 12 ambazo Kiske, Weikath na mpiga gitaa Roland Grapow walitunga nne nne, na ukisikiliza kwa makini utasikia watu watatu wenye safari tatu tofauti. "Windmill" ni wimbo mtamu sana, nao ulistahili albamu iliyotulia kuliko hii. Mashabiki wengi waliikataa. Mwaka huo huo Kiske na Ingo wakawa nje ya bendi, na Ingo, aliyekuwa mgonjwa, alifariki 1995.

Sasa hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Mwimbaji mpya Andi Deris, aliyetoka bendi ya Pink Cream 69, alianza na Master of the Rings ya 1994, na hadi leo wapo wanaomlaumu kwa kutokuwa Kiske. Sauti yake ina mkwaruzo, haifiki kule juu kwa ulaini ule, hilo sibishi. Lakini alikuja na utunzi. The Time of the Oath ya 1996, waliyoitoa kwa kumbukumbu ya Ingo, kwangu inakaa bega kwa bega na Keeper. Ndani yake kuna "Forever and One", utunzi wa Deris mwenyewe, wimbo wa taratibu ambao sauti laini ingeufanya mwepesi mno. Ule mkwaruzo ndio unaoubeba. Anapofika kwenye kiitikio unahisi koo linamkwama kidogo, na ndivyo inavyopaswa kuwa kwa mtu anayeaga.

Miaka ya 2000 naipitia haraka. The Dark Ride ina giza na magitaa mazito, nami naipenda kwa hilo. Rabbit Don't Come Easy ya 2003 ilikumbwa na maradhi ya mpiga drams, hadi Mikkey Dee wa bendi ya Motörhead akaitwa kurekodi sehemu kubwa. 7 Sinners ya 2010 ni ya kusikiliza ukiwa na nguvu zako. Unarmed, ambamo wamezipanga upya nyimbo zao za zamani kwa ala za okestra na magitaa makavu, sikuivumilia.

Hansen na Kiske walirejea kwa ziara iliyoanza 2017, wala hakuna aliyefukuzwa kuwapisha. Wakawa saba: waimbaji watatu, Hansen akiwa na gitaa pia, magitaa matatu kwa jumla, besi na drams. Albamu ya 2021, iliyopewa jina la bendi tu, iliongoza chati za Ujerumani, na nikiisikiliza naelewa kwa nini. Mpiga drams Dani Löble aliirekodi kwa kutumia drams zile zile za Ingo, na bendi ikarudi kwenye vifaa vya kurekodia vya zamani, hivyo mlio wake una joto ambalo albamu zao kadhaa za karibuni zilikosa. Katika "Skyfall", yenye dakika 12, sauti ya Kiske, ya Deris na ya Hansen zinapokezana, na kwa aliyepitia albamu zote za katikati kila sauti inaingia na historia yake. Nilitokwa na machozi, nasema kweli. Giants & Monsters ya 2025 nayo ni nzuri, ingawa haijanishika kiasi hicho.

Kama fedha inatosha CD moja tu, nunua Keeper ya pili. Ikitosha mbili, ongeza The Time of the Oath kabla hata ya Keeper ya kwanza. Ile ya 2021 iache mpaka hizo umezizoea.