Sifuri iliyonifurahisha mapema: uzoefu wangu na CT scan ya mishipa ya moyo

Nauza mabomba Kariakoo, stoo yangu iko ghorofa ya tatu na jengo halina lifti. Mwaka jana nilianza kubanwa kifua. Si kila siku, lakini ikinikuta kwenye ngazi nasimama nijifanye natafuta simu mfukoni, vijana wasije wakajua. Kaka yangu alianguka bafuni akiwa na miaka 51, akafariki kabla hatujapata usafiri. Mimi nilikuwa natimiza 49.

Nikaenda kupimwa moyo. ECG ikatoka safi. Eko nayo safi. Nikadhani nimemaliza, kumbe cha kwanza kinasoma umeme wa moyo, cha pili kinatazama misuli na valvu. Kuta za mishipa inayoulisha moyo wenyewe hakuna kinachozionyesha kati ya hivyo viwili.

Hapo nikatafuta nafuu. Kuna kipimo cha kalsiamu: unalala kwenye CT bila kuchomwa dawa yoyote, ni dakika chache, mionzi kidogo, na bei inavumilika. Kinahesabu chokaa iliyokaa kwenye kuta za mishipa ya moyo. Alama zake zinaitwa za Agatston, jina la daktari wa Marekani aliyezitoa na wenzake mwaka 1990. Sifuri maana yake chokaa haikuonekana, ukivuka 100 mnaanza kuongea, ukivuka 400 ni nyingi. Nikapata sifuri! Siku hiyo nyumbani tulichinja kuku wawili.

Kifua kikaendelea kubana. Nikapelekwa kwa bingwa wa moyo, akaitazama ile sifuri yangu, akasema, "Mzee wangu, hii imehesabu kutu iliyokauka. Matope haiyaoni." Muuza mabomba huhitaji kumwambia mara mbili. Matope hayo ndiyo plaki laini: mafuta yaliyokaa kwenye ukuta wa mshipa, yamefunikwa na ngozi nyembamba. Ngozi ile ikipasuka, damu inaganda palepale na mshipa unaziba. Iliyokwisha kuwa ngumu kwa chokaa mara nyingi imetulia zaidi. Kwa mtu asiye na dalili, sifuri ni habari njema kweli. Kwa mimi, mwenye kifua kinachobana na kaka niliyemzika, kesi ilikuwa bado haijaisha.

Basi ikaja CT yenyewe, ile ya kuchomwa dawa ili mishipa ionekane kwenye picha. Bima ilikataa, nikalipa kwa hela niliyoiweka ya bati. Kwanza nikapimwa damu kuona kama figo zitaihimili dawa.

Lawama yangu kubwa ni ya mapokezi. Walinipigia kunipa miadi wakaniambia nisile kwa muda wa saa nne kabla ya kipimo. Habari ya kahawa hakuna aliyeitaja. Asubuhi nikapita kijiweni kama kawaida yangu, vikombe viwili na kashata. Nafika, mapigo 88, na wao wanataka yashuke mpaka 60 hivi, kwa sababu moyo ukikimbia picha inatoka imetikisika. Nikapewa vidonge vya kuyatuliza, nikakaa kwenye benchi zaidi ya saa moja na nusu. Wenzangu wawili waliokuja nyuma yangu wakaingia wakatoka.

Ndani, kijana mmoja alininyoa viraka vitatu vya nywele kifuani abandike nyaya. Kisha dada wa mashine akainama karibu, akashusha sauti: "Baba, samahani, siku hizi mbili umetumia dawa yoyote ya nguvu za kiume?" Nilitaka kucheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Wanakupulizia dawa chini ya ulimi ya kutanua mishipa, na ikikutana na zile, presha inaweza kuporomoka vibaya. Kwa swali lile tu nampa dada yule nyota tano.

Dawa ya mshipani inapoingia unapata joto, linaanzia kooni linashuka mpaka kiunoni, na utaapa umejikojolea. Hujajikojolea. Mikono juu ya kichwa, vuta pumzi, zuia, imekwisha. Kichwa kiliniuma mpaka jioni kwa ajili ya ile ya kupuliza.

Majibu ndiyo yaliyonifanya niandike haya. Kwenye kioo cha daktari, mshipa unaoshuka mbele ya moyo ulikuwa na doa jeusijeusi ukutani. Uwazi wa ndani ulipungua kwa asilimia 40 tu, kwa hiyo hakuna haja ya kuwekewa springi ya kuutanua mshipa. Lakini ukuta ulikuwa umetuna kwa nje, ndiyo maana njia ya damu haikubanwa zaidi. Na lile doa lilisoma chini ya vipimo 30 vya Hounsfield, namba ambazo CT hutumia kuonyesha kitu ni kizito kiasi gani, yaani mafuta. Hounsfield ni Mwingereza aliyepata Nobel ya mwaka 1979 kwa mashine hizi pamoja na Cormack wa Afrika Kusini, aliyeanza kuliwaza jambo hilo akiwa Cape Town.

Halafu daktari akanivunja mbavu: huko kubanwa kwenyewe huenda si mshipa kabisa, njia bado iko wazi. Akanipa dawa ya asidi ya tumbo. Wiki tatu, kifua kimya, napanda ngazi zote tatu.

Je, hela ilipotea? Mimi nasema hapana. Uskoti walifuatilia watu 4,146 wenye maumivu ya kifua kwa miaka mitano. Waliopata CT hii pamoja na huduma ya kawaida, asilimia 2.3 walipata shambulio la moyo au kufa kwa ugonjwa huo, wasiopata ni 3.9. Mashine haitibu mtu, ila inaonyesha nani anywe dawa. Sasa nameza atorvastatini, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, kila usiku. Daktari ameniambia nikirudia kile cha kalsiamu baadaye nikakuta alama zimepanda, nisikimbilie kulia, kwa sababu dawa hii hukausha yale matope yakawa magumu.

Ripoti nilipewa kurasa mbili za Kiingereza na CD, na kompyuta ya binti yangu haina hata pa kuiingizia. Mngetuma kwenye simu tu, jamani.

Mdogo wangu ana miadi mwezi ujao. Nimemwambia asipite kijiweni, na dada akiinama kumuuliza, ajibu ukweli.