TAHADHARI: Injini ya chesi "aliyoitunga mwenyewe" ni Stockfish iliyobadilishwa jina

Jamani, nimepigwa na muuzaji wa injini, yaani programu ya kompyuta inayocheza chesi. Alidai kaitunga mwenyewe, kumbe ni Stockfish, injini maarufu ya bure. Kinachoniuma kuliko pesa ni kwamba Jumapili ile nilisimama mbele yenu nikaisifia, na wawili wenu mkanunua kwa neno langu. Nimeshawapigia nyote wawili kuwaomba radhi. Naandika ili asiongezeke wa tatu.

Usiku wenyewe ulikuwa hivi. Tulikuwa kwenye simu ya video, yapata saa nne, muuzaji ananionyesha skrini ya kompyuta yake. Kushoto injini yake, ile yenye nembo ya farasi mwekundu mliyoiona. Kulia Stockfish. Akaniambia, "Chagua ufunguzi wewe, usije ukasema nimepanga." Nikachagua Najdorf, maana ndio ninaoucheza miaka yote, nikaamini kwamba nikichagua mimi hana pa kudanganyia. Mchezo wa kwanza sare. Wa pili sare. Wa tatu injini yake ina vipande vyeusi, ngome ikala farasi pale kwenye mraba wa c3, ikajitoa kabisa. Nilishika kichwa. Yeye kimya, ananiacha nitazame. Taratibu mfalme mweupe akakosa pa kukimbilia, nami moyo unanidunda kama ni mimi ninayecheza. Hadi tunamaliza michezo kumi, imeshinda minne, sita sare, haijapoteza hata mmoja. Nikalipa usiku uleule, pesa niliyokuwa nimejiwekea.

Pale pembeni ya dirisha namba zilikuwepo. Nilizitazama kwa macho yangu mawili! Stockfish aliyoiweka ilikuwa toleo la zamani, imepewa kiini kimoja tu cha prosesa na kumbukumbu ya MB 16, yaani vile inavyokuja bila kuguswa. Ya kwake imepewa viini vyote vya mashine, yaani nguvu zaidi ya kufikiri. Sikuuliza. Nilikuwa nimeshikwa na ile ngome ya c3.

Mtaniuliza kwa nini nilimwamini. Kwa wiki nyingi alikuwa akinijibu maswali yangu ya miisho ya ngome, yaani mchezo unapokaribia kwisha zimebaki ngome, bila kudai chochote, na majibu yake yalikuwa mazuri, hilo silikani. Halafu ni yeye mwenyewe aliyenisimulia kisa cha injini ya Rybka: namna ICGA, chama cha kimataifa cha michezo ya kompyuta, kilivyoamua mwaka 2011 kwamba mtungaji wake alichukua kazi ya injini nyingine, Crafty na Fruit, kikampokonya mataji ya dunia ya 2007 hadi 2010. Alisimulia kwa hasira, akasema mwizi wa msimbo hana tofauti na mwizi wa mfukoni. Mtu anayelaani wizi namna ile utamshukuje? Akaongeza kwamba mtandao wake wa neva, ile sehemu ya injini inayopima hali ya ubao, ameufundisha mwenyewe miaka minne.

Aliyegundua ni mpwa wangu. Aliifungua injini bila ubao, kwenye lile dirisha jeusi la amri, akaandika "uci", amri inayoitaka injini ijitambulishe. Likatokea jina la injini, na chini yake jina la muuzaji kama mtungaji. Stockfish halisi pale huandika kwamba ni kazi ya watengenezaji wa Stockfish na kukuelekeza kwenye faili la AUTHORS, linaloanza na akina Tord Romstad, Marco Costalba na Joona Kiiski. Kisha akaandika "bench". Amri hiyo hupitisha injini kwenye nafasi kadhaa za ubaoni zilizopangwa, mwisho inatoa jumla ya nafasi ilizochungulia. Ukibadilisha chochote katika namna injini inavyofikiri, jumla hiyo nayo hubadilika, ndiyo maana wenyewe huitumia kama alama ya kidole. Tukapakua matoleo ya Stockfish ya bure, tukajaribu moja moja. Kwenye la tatu namba zikalingana tarakimu kwa tarakimu. Nikamwambia arudie. Zikalingana tena. Hakuna miaka minne hapo. Kuna jina lililofutwa na picha ya farasi.

Najua kuna atakayesema kuuza programu huria si kosa. Ni kweli, leseni ya Stockfish, GPL toleo la 3, inaruhusu kuuza, na angeniambia, "Hii ni Stockfish, nimekuwekea mipangilio na nitakufundisha kuitumia," ningemlipa bila kinyongo. Lakini leseni hiyohiyo inataka aache majina ya wenyewe, anipe msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu yenyewe, na asinizuie kumgawia mwenzangu. Yeye amefuta majina na kunisainisha kwamba sitainakili. Nilipodai msimbo akajibu "ni siri ya biashara", na kabla sijamaliza kuandika jibu alikuwa ameshanifungia. Fikirieni wale wanaojitolea kwenye Fishtest, mfumo wa kuijaribu Stockfish, tangu 2013, wanaoacha kompyuta zao ziwake usiku kucha kupima kila badiliko dogo, bila malipo. Huyu anauza usingizi wao kwa jina lake.

Arudishe pesa zote, za kila mtu, na apigwe marufuku kila mashindano ya injini na kila kundi letu. Asiseme ni jambo dogo. ChessBase, kampuni kubwa ya programu za chesi, ilishtakiwa Ujerumani na timu ya Stockfish mwaka 2021 kwa ajili ya injini yake ya Fat Fritz 2, na mwaka 2022 wakamalizana kwa makubaliano. Sembuse mtu mmoja mwenye kompyuta? Tayari nimewaandikia watengenezaji wa Stockfish, na nimewatumia faili lenyewe pamoja na matokeo ya bench.

Kwa anayefikiria kununua kwake au kwa mwingine kama yeye: hana toleo la majaribio, mechi anaiendesha kwenye mashine yake tu, na ukimuuliza leseni anabadilisha mazungumzo. Endesha bench kwanza. Anabadilisha nembo pia, nasikia sasa ni ya malkia.

Uliyenunua, niandikie faraghani leo. Usifute faili wala risiti, wala usimwambie kwamba umejua. Mpaka sasa tuko watano.