Mafuta ya kupikia: dumu, ndoo au ya kupima? Hesabu tuliyopiga darasani

Tukifika mada ya uwiano huwa nafunga kitabu na kuandika ubaoni bei za mafuta ya alizeti. Hizi ni za mfano. Wewe weka za kwa Mangi wako. Ya kupima, robo lita sh. 1,600. Chupa ya mililita 900, sh. 5,600. Ya lita 1, sh. 6,000. Dumu la lita 5, sh. 27,500. Ndoo ya lita 20, sh. 100,000 bei ya jumla, na bodaboda ya kuifikisha nyumbani 4,000.

Chupa ipi rahisi? Darasa zima: "Ya 5,600!" Haya, gawanyeni kwa 0.9. Lita inatoka 6,222. Kimya.

(Dumu likiandikwa kilo, si lita, jua lita moja ya mafuta ina uzito wa kama gramu 920. Kilo 5 ni karibu lita 5.4.)

Kwa lita moja, ndoo ni 5,200, dumu 5,500, ya kupima 6,400. Wanataka kufunga daftari hapo, nami nauliza: nyumbani mnatumia kiasi gani? Tuseme lita 4 kwa mwezi. Kwa dumu ni sh. 22,000. Fedha hiyohiyo kwa bei ya ndoo inapata lita 4.23. Basi ndoo ikimfanya mpishi azidishe robo lita tu kwa mwezi, nafuu yote imekwenda. Na nani hupima akichota kwenye ndoo iliyojaa? Isitoshe, lita 20 ni za miezi mitano, na mafuta yaliyofunguliwa huchacha.

Kwangu mimi ya kwanza ni ndoo ya kugawana majirani wanne: kila mmoja lita 5 kwa 26,000. Msipoelewana, dumu. Ndoo ya peke yako inamfaa mama ntilie. Chupa ya lita 1 ni ya dharura, na ile ya 900 naipita.

Ya kupima ndiyo ghali kuliko zote, ila mwenye 3,200 mfukoni jioni hana dumu la kuchagua. Huyo aende na chupa tupu ya maji ya nusu lita: vipimo viwili vya robo lazima viijaze.